Neva Sifuri: mshipa uliochelewa kuhesabiwa

Ndugu zangu, sote tuliosoma baiolojia tulikaririshwa kwamba mishipa ya fahamu inayotoka ubongoni kupitia fuvu ni jozi 12. Hesabu hiyo aliipanga Mjerumani Samuel Thomas Soemmerring mwaka 1778, akaanza na mshipa wa kunusa. Miaka 100 baadaye, 1878, Mjerumani mwenzake Gustav Fritsch akiwa anachunguza ubongo wa papa akakuta kamshipa kembamba mbele ya huo wa kwanza. Sasa kapewe namba gani? Vitabu vimeshachapwa, na namba za Kirumi hazina sifuri! Wako wanaokaita cha 13, wengine husema neva sifuri. Jina neva terminali lilitokana na Mmarekani William Locy mwaka 1905.

Kabla yake, mwaka 1894, Felix Pinkus alikuwa ameuona kwa samaki wa ukoo uleule wa kamongo wa Ziwa Victoria (kwa hiyo jamani msimdharau kamongo). Miaka ya 1910 ikathibitika kwamba hata binadamu anao. Umelala chini ya ubongo wa mbele, kandokando ya mshipa wa kunusa, halafu unapenya vitundu vya mfupa ulio juu ya pua. Ni mwembamba mno: ukiondoa utando wa ubongo bila uangalifu, unang'oka nao. Si ajabu wengi hawakuuona.

Unafanya kazi gani? Wengine walidhani ni tawi tu la kunusa. Lakini pomboo hana mshipa wa kunusa kabisa, na huu anao. Pia mwaka 1987 ilionekana kwamba panya-buku wa kiume aina ya hamsta akikatwa mshipa huu, hamu ya kupanda jike inapungua. Hapo watu wakaanza kunong'ona habari za uzazi.

Jibu zito zaidi lilipatikana mwaka 1989, moja New York, jingine hapa kwetu Bethesda, NIH, pale unaposhukia treni ya Red Line kituo cha Medical Center. Susan Wray na wenzake walionyesha kwa panya kwamba seli zinazoamrisha homoni za uzazi hazizaliwi ubongoni. Zinazaliwa puani! Mimba inapokua, seli hizo husafiri hadi ndani ya ubongo zikifuata nyuzi za neva, zikiwemo za huu mshipa wetu. Mwaka huohuo wale wa New York walichunguza kijusi chenye ugonjwa wa Kallmann, wakakuta seli zimekwama njiani, nje ya ubongo.

Kazi ya mshipa wenyewe kwa mtu mzima bado inabishaniwa. Ila ugonjwa huo, alioueleza Franz Kallmann mwaka 1944, hauna ubishi: kijana habalehe, na harufu hasikii. Kwetu kijana wa miaka 18 asiyeota ndevu wala kuvunja sauti husemwa karogwa, akazungushwa kwa waganga, na huku homoni za kumtibu zipo na wengi hupata watoto. Daktari makini humuuliza mapema tu: hivi, karafuu ikichemshwa, wewe unaisikia?