Sura za Waanzilishi Wetu: Kutoka Negativu Hadi Kompyuta

Historia ya kwaya yetu imehifadhiwa mahali pawili: katika vitabu vya kumbukumbu za mikutano, na katika bahasha za negativu. Picha nyingi zilizosafishwa zamani zimefifia au zimeliwa na mchwa. Waimbaji kadhaa walio ndani yake wamelala katika Bwana. Kwa baadhi yao, negativu ndiyo sura pekee iliyobaki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Reli ilipopita hapa Sultan Hamud na kufika Nairobi mwaka 1899, wapiga picha wengi wa kazi bado walitumia vioo. Mwaka 1901 ikaja filamu ya 120, yenye upana wa sentimita 6 hivi, iliyopendwa sana na studio. Mwaka 1934 Kodak ilileta mkebe wa filamu ya milimita 35, ambao wengi wetu tunaukumbuka. Filamu za rangi zinazosafishwa kwa njia ya C-41 zilianza mwaka 1972. Kwa hiyo bahasha moja ya kwaya inaweza kuwa na filamu za vizazi tofauti, na hapo ndipo uchaguzi wa skana unapoanzia.

Skana ya kawaida ya saiba haifai, kwa kuwa negativu husomwa kwa mwanga unaopita ndani yake. Skana nyingi za filamu pekee, kama Plustek OpticFilm 8100, husoma vizuri lakini hupokea milimita 35 tu. Skana ya mezani yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson V600, hupokea milimita 35 na 120 pia. Kamati imependekeza aina hii ya pili, ili waimbaji wa kwanza wasiachwe nje kwa sababu ya ukubwa wa filamu yao.

Tusivutwe na tarakimu kubwa kwenye katoni. Negativu ya milimita 24 kwa 36, ikisomwa kwa nukta 2,400 kwa inchi, hutoa picha ya nukta 3,400 kwa 2,270 hivi. Hiyo yatosha kuchapisha picha nzuri ya upana wa inchi 11. Pia, ile taa ya kuondoa vumbi husaidia filamu za rangi, lakini huharibu picha za kawaida za nyeusi na nyeupe, maana fedha iliyomo huzuia mwanga wake. Hizo zipulizwe vumbi kwa mkono, kwa upole.

Kazi hii haiwezi kungoja. Filamu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa asetati, ambayo ikianza kuoza hunuka kama siki na hairudi tena. Joto la chini ya mabati huharakisha uozo huo. Zitoeni masandukuni, mziweke mahali pakavu penye baridi. Na baada ya kuskani, negativu zisitupwe. Nakala za kompyuta zihifadhiwe katika nyumba mbili tofauti.

Hata hivyo, skana huona sura tu. Haijui jina la mtu. Baada ya ibada ya yubilee, tunawaomba wazee wetu waketi pamoja na vijana, watazame picha hizi na kutaja majina, nasi tutayaandika.