Huduma ya wauguzi kwa vidonda vya upasuaji wa moyo

Huduma ya wauguzi kwa vidonda vya upasuaji wa moyo ni uangalizi anaopewa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, kuanzia wodini hadi kidonda kipone nyumbani. Maambukizi mara nyingi hujitokeza baada ya mgonjwa kuruhusiwa, hivyo muuguzi huwafundisha yeye na ndugu zake kukikagua kidonda wenyewe.

Aina za vidonda

Kifua kinapofunguliwa, mfupa wa kidari hukatwa kwa urefu, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma ambazo kwa kawaida hubaki mwilini maisha yote. Mfupa huunga kwa takriban wiki 6 hadi 12. Aliyepandikiziwa mishipa ya moyo huweza kuwa na kidonda kingine mguuni, ulikotolewa mshipa. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo huwa na mshono chini ya mtulinga.

Mafunzo

Mgonjwa huonyeshwa namna ya kukumbatia mto kifuani anapokohoa na kuinuka kitandani bila kujivuta kwa mikono. Mwenye kidonda cha mguu huuinua akiketi. Wanawake wenye matiti makubwa hushauriwa kuvaa sidiria inayoshikilia vizuri, kwa kuwa uzito huvuta mshono. Mikono hunawiwa kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji, na kidonda hakipakwi majivu, poda wala dawa ambayo hospitali haikutoa. Wenye kisukari husisitiziwa kudhibiti sukari, na wavutaji kuacha sigara, kwani sukari iliyo juu na sigara huchelewesha kupona.

Ufuatiliaji

Katika hospitali za Royal Brompton na Harefield, Uingereza, wauguzi walianzisha utaratibu wa kukipiga picha kidonda mgonjwa anaporuhusiwa, ili mabadiliko ya baadaye yalinganishwe nayo. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa moyo. Mgonjwa anayetoka huko na kurudi mkoani huhitaji maelezo ya maandishi ambayo muuguzi wa zahanati ya karibu ataweza kuyafuata.

Dalili za hatari

Dalili hizo ni usaha, harufu mbaya, mshono kuachia, homa ya nyuzi 38 au zaidi, na kidari kugonga au kucheza mgonjwa anapojigeuza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi hauonekani kwa urahisi. Hivyo joto, uvimbe na maumivu yanayozidi ndivyo vya kuangaliwa. Mwenye dalili yoyote kati ya hizi aende hospitali mara moja, asingoje tarehe ya kliniki.