Lehemu

lehemu *nm* [i-/zi-] metali laini, aghalabu mchanganyiko wenye bati, inayoyeyushwa ili kuunganisha vipande vya metali nyingine.
-lehemu *kt ele* unganisha kwa metali hiyo. *Mny:* lehemia, lehemika, lehemisha, lehemiwa. *Asili:* Kiarabu.

Matumizi

Katika ufundi wa bomba, ncha ya bomba la shaba na upande wa ndani wa soketi husuguliwa kwa msasa mpaka ving'ae, kisha hupakwa dawa ya kulehemia, ambayo huzuia shaba isiingie weusi kwa joto. Bomba huingizwa katika soketi na kiungo hupashwa moto kwa tochi ya gesi. Moto hauelekezwi kwenye lehemu. Fundi huipasha shaba, akaigusisha lehemu kwenye mdomo wa kiungo, nayo ikayeyuka kwa joto la shaba na kunyonywa na mwanya mwembamba ulio kati ya bomba na soketi.

Lehemu na chomelea

Kuchomelea huyeyusha kingo za vitu vyenyewe vinavyounganishwa. Kulehemu huyeyusha lehemu peke yake. Lehemu ya mabomba huyeyuka chini ya nyuzi 450 za Sentigredi, ilhali shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kwa hiyo geti la chuma huchomelewa, na bomba la shaba hulehemiwa.

Lehemu na risasi

Zamani lehemu ya mabomba ilichanganywa bati na risasi, na mafundi wengine bado huiita lehemu yoyote "risasi". Katika maandishi yahusuyo maji ya kunywa, mazoea haya ni ya hatari. Risasi ni sumu, hudhuru hasa ubongo wa mtoto, na ikiyeyukia majini haionekani. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Mfasiri asiyetenganisha maneno haya mawili ataandika "risasi isiyo na risasi". Akiona sentensi haina maana na kuifupisha kuwa "tumia risasi", atakuwa amemwagiza fundi atie sumu katika maji ya nyumba nzima.

Lehemu na bati

Bati ni metali nyeupe iliyo sehemu kubwa ya lehemu ya mabomba ya leo. Ni pia jina la kipande cha kuezekea nyumba, ambacho kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Penye shaka iandikwe "metali ya bati".

Mifano

*Sahihi:* Fundi bomba alikilehemu kiungo kwa lehemu isiyo na risasi.
*Si sahihi:* Fundi bomba alikichomelea kiungo cha shaba kwa risasi.
*Sahihi:* Bomba lenye maji ndani halilehemiki vizuri, kwa kuwa maji huondoa joto.