Pesa Inafuata Nani? Historia ya wazazi, watoto na gereza kule Marekani

Wandugu, kuko sheria zenye zinavunja jamaa bila mtu kupiga fimbo. Inatosha kuhesabu miezi.

Mwaka 1986, Bunge la Marekani liliamua kwamba gramu 5 za krak zilete kifungo sawa na gramu 500 za kokeni ya unga: miaka 5 kwa uchache. Magereza zikajaa, na wengi waliofungwa walikuwa wababa na wamama.

Watoto wao je? Tangu 1980, leta ya pale ilikuwa inasaidia majimbo kulipia watoto maskini waliowekwa kwa walezi. Lakini pesa ilikuja kisha mtoto kutolewa nyumbani. Kumtibu mama huku anakaa na mtoto wake, sanduku ile haikulipa.

Halafu ikakuja sheria ya 1997. Mtoto akikaa kwa walezi miezi 15 kati ya 22, jimbo lazima liombe tribinali ifute haki za mzazi, isipokuwa kama mtoto yuko kwa ndugu wa jamaa ao kuna sababu nzito. Nia haikuwa mbaya: watoto walikuwa wanazungushwa nyumba kwa nyumba, miaka na miaka. Lakini mama mwenye amefungwa miezi 18, akitoka anakuta hesabu imeshamupita. Na uraibu haujui kalenda: mtu anaweza kuacha, akaanguka, akarudia matibabu.

Mwaka 2008, George W. Bush alitia sahihi sheria ya kusaidia wafungwa kurudi katika maisha. Ndani yake kulikuwa ruzuku ya matibabu yenye kupokea mzazi pamoja na watoto wake. Ila ruzuku inangojea bajeti ya kila mwaka.

Njo mwaka 2018 sanduku yenyewe ikafunguliwa: sasa inaweza kulipia mtoto hadi miezi 12 akiishi na mzazi katika kituo cha matibabu. Kwa karatasi mtoto angali mikononi mwa leta. Usiku analala karibu na mama yake. Matibabu ya mama yanatafutiwa pesa fasi ingine.

Kutoka 1980 mpaka 2018 ni miaka 38. Upendo wa wazazi haukupungua ile wakati yote. Pesa ndiyo ilifuata njia ingine.

Wewe mwenye unasomea sheria ao uchumi, kesho ukiletewa mradi wa sheria, uliza mambo mawili: miezi inahesabiwa juu ya nani, na pesa inafuata nani?