Mnyororo Kiunoni, Mteremko wa Kutus

Barabara ya kutoka Kerugoya kwenda Kutus ni ya kuteremka, na mwendesha baiskeli huijua kwa mikono kabla ya kuijua kwa macho. Kerugoya imekaa kwenye miguu ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya mpunga ya Mwea yako chini kabisa, kwenye joto na tambarare. Asubuhi, pedeli hupumzika na breki ndizo zinazofanya kazi. Jioni, hesabu hugeuka: mtu hushuka, akaisukuma baiskeli yake kama anayemsindikiza mgeni mzee.

Kwenye mteremko huo, kitu ambacho hakikufungwa vizuri hujitangaza. Keria iliyolegea hugonga. Bati la matope hulia. Na mnyororo wa kufuli uliopitishwa begani kama mkanda wa risasi huanza safari yake wenyewe: mwenye baiskeli akiinamia usukani ili afunge breki, mnyororo nao huteleza kutoka mgongoni, ukazunguka kwapani na kuning'inia kifuani, karibu na goti linalopanda na kushuka. Ataurudisha kwa mkono mmoja. Mkono uliobaki ndio umeshika breki.

Je, kufuli lapaswa kubebwa na mtu au na baiskeli? Swali hili linaonekana la leo, la vijana na mitindo yao. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya baiskeli katika Kirinyaga, kaunti ya miji hii, halikuulizwa kabisa, kwa sababu chombo chenyewe kilikuja na jibu.

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyolingana ilianza kuenea baada ya John Kemp Starley kutoa Rover yake mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka 3 baadaye John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Kampuni ya Raleigh ilizaliwa Nottingham mwaka 1887, na pamoja na Hercules na BSA za Birmingham ikapeleka baiskeli za chuma kizito kila pembe ya himaya ya Mwingereza, Kenya ikiwemo.

Wakati huo Kirinyaga haikuwa wilaya. Maeneo yake ya Ndia na Gichugu yalitawaliwa kama sehemu ya Embu, na yalibaki hivyo mpaka mwaka 1963. Kanisa la Kianglikana lilikuwa limeweka misheni Kabare, jirani na Kerugoya, mwaka 1910, na watu wa kwanza kupata baiskeli katika sehemu kama hizo walikuwa wale waliokuwa na mshahara na njia ndefu ya kwenda: walimu, wahubiri, makarani, machifu. Mwizi hakuwa tishio kubwa. Katika kijiji chenye baiskeli mbili, aliyeiba moja angeipanda akaenda nayo wapi?

Ufunguo, hata hivyo, ulikuwa na uzito wake. Hizo zilikuwa enzi za kipande. Sheria ya usajili ya mwaka 1915 ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume Mwafrika aliyetoka nje ya hifadhi aliyotengewa kuishi alilazimika kuvaa karatasi za kipande ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wagikuyu walikiita mbugi, jina la kengele ya mbuzi. Kwa kizazi hicho, kuvaa chuma mwilini hakukuwa suala la wepesi au uzito. Ilikuwa alama ya aliyechungwa. Mwenye baiskeli alikuwa na kipande shingoni kama wenzake, lakini mfukoni mwake mlikuwa na ufunguo wa mali yake mwenyewe, na chuma cha kulinda mali hiyo kilibaki mahali pake, kwenye baiskeli.

Kilibaki pale kwa sababu watengenezaji walikipangia nafasi. Baadhi ya Raleigh za katikati ya karne ya 20 zilikuwa na kufuli ndani ya foki, ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele. Mwenyewe aligeuza usukani upande mmoja, akazungusha ufunguo mdogo wenye namba, na foki ikakwama hapo hapo ilipopinda. Mwizi angeweza kuibeba baiskeli begani, ila kuipanda asingeweza. Ingemzungusha mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Aina nyingine ndiyo iliyodumu: kufuli la duara, umbo la kwato ya farasi, linalofungwa kwa skrubu kwenye fremu nyuma ya kiti. Ukisukuma kijiti, ulimi wa chuma hupita katikati ya spoki za gurudumu la nyuma na kubana upande wa pili. Aina nyingi hazikuachii ufunguo mpaka kufuli liwe limefungwa, kwa hiyo ufunguo husafiri na baiskeli, ukicheza kwenye tundu lake huku mchele wa nyumbani, debe la maziwa au mtoto wa shule vikisafiri juu yake. Ukishuka unasukuma, unachomoa, unaingia dukani. Hakuna cha kuvaa wala cha kukunja. Waholanzi, ambao baiskeli kwao ni kama viatu, hawajaliacha kufuli la namna hiyo hadi leo.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyobadilisha idadi ya baiskeli kwenye vilima hivi. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, mambo mawili yalianza. Mpango wa Swynnerton uliwafungulia wakulima wadogo mlango wa mazao ya biashara, na kahawa ikatapakaa Ndia na Gichugu. Huko chini, wafungwa wa vita vya Mau Mau walichimbishwa mifereji ya kupeleka maji ya mito Thiba na Nyamindi kwenye ardhi ambayo ingekuwa skimu ya mpunga ya Mwea. Juu kahawa, chini mchele: pande zote mbili zikahitaji chombo cha kubeba gunia.

Chombo hicho kikaja kwa bei iliyopungua. Hero ilianza kutengeneza baiskeli Ludhiana, India, mwaka 1956. Phoenix zikatoka Shanghai. Zilifuata umbo lile lile la Kiingereza: fremu ndefu nyeusi, breki za fimbo, kengele, stendi pana ya nyuma na keria ya vyuma vinene. Wakenya wakaziita Black Mamba. Kwa uzito wake wa zaidi ya kilo 20, nusu kilo ya kufuli ilikuwa kama nzi juu ya fahali.

Lakini kufuli la duara lina udhaifu unaojulikana na kila fundi. Linazuia gurudumu kuzunguka. Halizuii baiskeli kuinuliwa. Penye soko kubwa kama Kagio, au nje ya kiwanda cha kumenya kahawa siku ya malipo, ambapo wageni ni wengi kuliko wenyeji, baiskeli iliyofungwa kwa ulimi peke yake yaweza kupakiwa kwenye pikapu kabla mwenyewe hajamaliza kupanga foleni. Hapo ndipo mnyororo uliponunuliwa, wa kufungia baiskeli kwenye nguzo ya veranda ya duka au kwenye mti.

Mnyororo wa duka la vifaa vya ujenzi hukwaruza rangi na kuota kutu mvua ya Machi ikianza. Dawa yake iko chini ya meza ya kila fundi wa baiskeli: mpira wa ndani uliochoka. Hukatwa kipande cha mita moja, kikanyooshwa, kikatiwa poda au maji ya sabuni, kisha mnyororo ukavutwa ndani yake kwa waya, pete moja baada ya nyingine, mpaka zichomoze pete mbili za mwisho za kuingiza kufuli. Ukitoka hapo unafanana na chatu aliyeshiba. Unakunjwa mara tatu juu ya keria na kubanwa kwa blada, ule ukanda mrefu wa mpira unaofunga pia kuni, kreti za soda na magunia. Tena hakuna aliyeuvaa.

Kilichoutoa mnyororo kwenye keria ukapanda kiunoni ni mabadiliko mawili yaliyofuatana.

La kwanza ni pikipiki. Usafiri wa bodaboda ulikuwa umeanza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, na baiskeli zenye mto wa abiria kwenye keria zikasambaa katika miji mingi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, kazi hiyo ikahama, na kwa baiskeli isiyobeba abiria keria ikawa si ya lazima. Hakuna mahali pikipiki ilipopokelewa kwa shukrani kama kwenye milima, ambako abiria wa baiskeli aliombwa ashuke kila mwinuko ulipokaza.

La pili lilikuja ndani ya makontena. Baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, za kupandia milima, zenye gia nyingi na fremu nyepesi, zikaanza kuning'inia kwenye vibanda vya mafundi. Kwa mtu wa Kerugoya, gia ni neema isiyohitaji mahubiri. Ila baiskeli hizi ziliundwa kwa ajili ya michezo, na mwanamichezo habebi gunia. Hazina keria, hazina bati la matope, mara nyingi hazina hata stendi. Matairi yake ni mapana kiasi kwamba kufuli la duara la Black Mamba haliwezi kuyakumbatia. Mnunuzi alipewa gia 21 na akanyang'anywa mahali pa kuweka kufuli. Akajitazama, akaona kiuno.

Hakuwa wa kwanza. Wasafirisha barua kwa baiskeli wa New York, wanaosimama mbele ya majengo mengi kwa siku moja, walizoea kuzungusha mnyororo kiunoni kwa sababu kila kusimama ni kufunga na kufungua. Mji wao uliwafundisha kuogopa wezi. Mwaka 1972, baiskeli iliyofungwa kwa kufuli jipya la Kryptonite, lenye umbo la herufi U, iliachwa mtaani Greenwich Village, mjini humo, kwa siku 30. Wezi waling'oa kila kilichong'oleka, kufuli likabaki. Umaarufu huo ulitikisika mwaka 2004, ilipoonyeshwa kwamba aina fulani za kufuli la tundu la mviringo ziliweza kufunguliwa kwa bomba la kalamu ya Bic. Mtindo wa kuvaa mnyororo nao ukageuzwa kuwa bidhaa: kampuni ya Uingereza, Hiplok, ikatengeneza mnyororo uliovikwa kitambaa, wenye bizimu kama la mshipi.

Bizimu hilo ndilo siri ya bidhaa nzima, na ndilo linalokosekana kwenye mnyororo wa duka la vifaa. Anayevaa wa kampuni haufungi kwa ufunguo mwilini. Akianguka, au ukinasa mahali, huweza kuufungua bila ufunguo. Anayejizungushia mnyororo wa kawaida na kuubana kwa kufuli tumboni amejifunga kweli kweli. Ufunguo ukipotelea Kagumo, atarudi nyumbani amevaa.

Kuna suala la uzito pia. Mnyororo wa milimita 8 wenye urefu wa mita moja hukaribia kilo moja na nusu hata kabla ya kutiwa kufuli, na mwendesha baiskeli anayepanda kutoka Kutus huinuka kwenye kiti, akayumba kushoto na kulia. Kila akiyumba, chuma husugua mfupa wa nyonga. Ule mnene wa Kryptonite, wa milimita 14, unakaribia kilo 5 kwa urefu huo huo, na wenyewe hufaa zaidi kuachwa umefungwa pale mtu anapolaza baiskeli yake kila siku.

Hatari yenyewe iko kwenye kuanguka. Mtu anayepinduka kwenye mteremko hutua kwa nyonga, bega au mgongo, na kitu kigumu kilichoko hapo hukaa kati ya mfupa na lami. Kufuli kubwa likiwa nyuma ya kiuno, liko juu ya uti wa mgongo, mahali pasipo na nyama ya kupokea pigo. Mnyororo wa begani una lake: ukining'inia huweza kunasa kwenye usukani, au kupanda shingoni mtu akirushwa mbele. Anayelazimika kuvaa ni heri auvae kiunoni, mwembamba, umelala bapa, na kufuli likiwa ubavuni badala ya mgongoni. Na ufunguo uwe mfukoni, usiwe shingoni kwa kamba. Kufuli la herufi U nalo lisichomekwe kwenye mshipi wala kuning'inizwa kwenye usukani, ambapo linaweza kuzuia waya wa breki.

Tambarare ya Mwea husamehe mengi ya haya. Huko mwendo ni wa pole na mtu huweza kushinda kutwa nzima bila kushika breki kwa nguvu. Kerugoya haisamehe, hasa mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukamwagika juu ya lami kutoka barabara za mashambani.

Mafundi wameshaanza kuijibu hali hiyo kwa njia yao. Mwenye baiskeli ya gia huenda kwa mchomeleaji wa jua kali na vyuma vichache vya duara. Huyu hupima kwa macho, hukata, hupinda, na cheche zikitulia baiskeli ya michezo kutoka Ulaya inakuwa imeoteshwa keria ya Black Mamba, nene, nyeusi, yenye mabaki ya kuchomelea kwenye kona. Rangi ikikauka, kitu cha kwanza kuwekwa juu yake huwa ni mnyororo ndani ya mpira wake, umekunjwa mara tatu na kubanwa kwa blada.