Nusukaputi si Usingizi

Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914–1918. Nusukaputi nalo ni masalio ya utawala uliotangulia: nusu tuliipata zamani kwa Waarabu, kaputi, yaani kuharibika, kwa Wajerumani. Watafsiri wengine huliona neno hilo kuwa halina adabu, wakaandika “dawa ya usingizi”. Hapo hupotosha. Panya akivutishwa isofluraini ili atulie mashineni apigwe picha za ubongo, huo si usingizi: mishipa ya damu hutanuka, shughuli za neva hupungua, na picha ya dawa inayojaribiwa huwa picha ya dawa mbili. Wataalamu wengine huwazoeza panya kutulia wakiwa macho. Tafsiri haina budi kuwatofautisha.