Barua za Baba Mtakatifu na Uzito Wake

Sisi makatekista wa Makomeno huulizwa mara nyingi: Je, kila hati ya Baba Mtakatifu ina nguvu ile ile? Wako wanaosema ni karatasi tu. Wako pia wanaodhani kila neno lake ni dogma. Wote wamekosa, na historia ya jimbo letu yaonyesha sababu.

Mwaka 1910 Katanga ilifanywa Prefektura ya Kitume, na mwaka 1932 Vikarieti ya Kitume. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 1958. Hata hivyo aliongoza kwa niaba ya Papa, maana vikarieti haijawa jimbo kamili. Tarehe 10 Novemba 1959 Papa Yohane XXIII alitoa Konstitusio ya Kitume iitwayo Cum parvulum, yaani kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini. Siku hiyo Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikawa Jimbo Kuu, na Monsinyori Floribert Cornelis akawa Askofu Mkuu wa kwanza. Hati hiyo ni sheria.

Siku 18 baadaye Papa yule yule aliandika ensiklika, Princeps Pastorum, juu ya misioni na mapadri wenyeji. Ensiklika haikati mipaka ya jimbo. Hufundisha, nasi twaipokea kwa utii wa akili na moyo.

Wosia wa Kitume hutia moyo na kuonyesha njia, kama Ecclesia in Africa ya Yohane Paulo II, mwaka 1995. Motu proprio ni amri ambayo Papa huitoa kwa hiari yake mwenyewe. Kwa hati ya namna hiyo, tarehe 10 Mei 2021, Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista.

Lakini tusitazame jina la hati tu. Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pius XII alitangaza dogma ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, naye pia alitumia Konstitusio ya Kitume. Dogma ile haibadiliki kamwe. Mipaka ya majimbo Papa mwingine aweza kuibadili. Jina ni moja, uzito ni mbalimbali.

Basi, barua ya Roma inaposomwa kanisani, tuulize: Ni ya namna gani? Yaandikiwa nani? Papa akusudia kufundisha, kuamuru, au kushauri? Mtoto mwema husikiliza kila neno la baba yake, tena ajua kupambanua amri na shauri.